Uholanzi: Bahari Ilivyopewa Njia

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, 1953, bamvua na tufani ya kaskazini-magharibi zilikutana katika Bahari ya Kaskazini. Matuta ya Zeeland yakavunjika, na nchini Uholanzi watu 1,836 wakapoteza maisha.

Lakini bahari haikufanya kazi hiyo peke yake. Tangu Enzi za Kati wakulima waliikausha kwa mifereji ardhi ile ya mimea iliyooza, nayo ikanywea na kushuka. Wengine waliichimba na kuichoma, wapate chumvi katika majivu yake. Hata kando ya matuta yenyewe, ajabu ya wanadamu! Mhandisi Johan van Veen alikwisha onya kabla ya 1953 kwamba matuta mengi yalikuwa mafupi mno. Kuyainua kulikawia.