Damu ya Mdudu: Neno na Maana Yake

Mwarobaini ni mti uliotoka Bara Hindi, na jina lake la Kiswahili latokana na hesabu: husemwa kwamba huponya maradhi arobaini. Wataalamu wa wadudu wauthamini kwa sababu nyingine, kwani maji ya mbegu zake huwadhuru viwavi walao mimea. Katika kuyaeleza madhara hayo, aghalabu huandikwa kwamba dawa hiyo "huharibu damu ya mdudu". Makala haya yakusudia kuonyesha kuwa neno hilo moja laweza kumpotosha msomaji, na mkulima pia.

Mswahili asemapo damu, hufahamu kitu chekundu kibebacho uhai. Kikiharibika, mwenye nacho hufa. Wekundu huo watokana na hemoglobini, ambayo huchukua oksijeni. Wadudu walio wengi hawana haja nayo, maana hewa huwaingia kwa vitundu vya ubavuni, ikaenea mwilini kwa mirija midogo midogo. Kiowevu kilichomo ndani yao, yaani hemolimfu, aghalabu hakina rangi, au huwa cha manjano au kijani. Nacho huviogesha viungo vyote pasipo kufungwa katika mishipa kama yetu.

Ndani ya kiowevu hicho mna chembe za namna mbalimbali, ambazo kazi yake ni ulinzi. Nyingine humeza vijidudu vya maradhi, nyingine humzingira adui mkubwa kama ukuta, nyingine huziba jeraha. Uchunguzi uliofanywa huko Bara Hindi juu ya kiwavi Spodoptera litura waonyesha kwamba dawa ya mwarobaini hupunguza idadi ya chembe hizo na kuharibu maumbo yake. Hali kadhalika azadiraktini, kiini cha dawa hiyo kilichotengwa na Butterworth na Morgan mwaka 1968, imeonekana kudhoofisha ulinzi wa Rhodnius prolixus, mdudu anyonyaye damu za watu katika Amerika ya Kusini.

Basi mdudu hafi papo hapo. Hupoteza hamu ya kula, hushindwa kujivua ngozi, na akipatwa na maradhi hukosa wa kumtetea. Pareto ni kinyume chake: hushika mishipa ya fahamu, mdudu akaanguka mara. Mkulima aliyeambiwa kwamba damu imeharibiwa huenda akangojea mizoga kesho yake. Asipoiona, aweza kuitupa dawa iliyo njema na kutafuta sumu kali zaidi.

Kwa hiyo yafaa, katika maandishi ya kitaalamu, tuseme hemolimfu, na chembe zake tuziite chembe-linzi. Kwa mkulima hapana haja ya istilahi yoyote. Yatosha kumwambia kwamba dawa hudhoofisha walinzi walio mwilini mwa kiwavi, na kwamba kazi hiyo yataka siku kadhaa. Maneno hayo ni mepesi, tena ni ya kweli.