Miaka Mitatu ya Msichana

Mkulima wa mpunga havuni shamba lake masuke yangali machanga. Ajua kwamba ndani ya punje hamna kitu bado ila maji meupe kama maziwa. Akikata siku hiyo, atapata makapi. Basi hungoja. Lakini watu wengi wangojao mpunga ukomae hawakuwangoja binti zao.

Nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971. Sheria hiyo ilisema kwamba mwanamume asioe kabla hajatimiza miaka 18. Bali msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, baba yake akikubali. Tena mahakama iliweza kutoa ruhusa hata kwa mwenye miaka 14.

Mtu aweza kudhani kwamba tofauti ya miaka 3 si kitu. Na ahesabu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, alimaliza darasa la saba akikaribia miaka 14. Kwa hiyo miaka 15 ilimkuta msichana ndiyo kwanza ameingia sekondari. Miaka 3 ile ndiyo miaka ya masomo yenyewe: kaka yake alishika kitabu, naye akashika mwiko katika nyumba ya watu.

Wazazi waliofanya hivyo hawakuwa wote wabaya. Wengine walikuwa maskini, wakitazamia mahari. Wengine waliogopa njia ndefu ya shule, binti asije akapata mimba. Wengine walisema kwamba kumsomesha msichana ni kunyunyizia shamba la jirani, kwani ataolewa aende zake. Hao walisahau kwamba mama asomaye huweza kusoma maagizo ya dawa ya mtoto wake, huhesabu fedha za mazao yake asidanganywe, tena ndiye mwalimu wa kwanza wa wanawe. Mwili wake nao hupata kukomaa, kwa maana kuzaa katika umri mdogo kuna hatari kubwa.

Ndipo mwanasheria mmoja mwanamke, jina lake Rebeca Gyumi, alipopeleka shauri Mahakama Kuu. Alisema kwamba Katiba yawahesabu watu wote kuwa sawa mbele ya sheria. Mbona basi mvulana alindwe hata miaka 18, na msichana aachwe? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubali maneno yake. Serikali ikakata rufani, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikatamka vivyo hivyo, kwamba umri uwe miaka 18 kwa wote wawili. Tena mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba binti aliyeacha shule kwa sababu ya kuzaa aweza kurudi darasani.

Hata hivyo, hukumu ya mahakama haichoti maji wala haipiki ugali. Kama jioni msichana ana kazi zote za nyumbani, na nduguye amekaa karibu na taa akisoma, miaka ile 3 yampotea papo hapo nyumbani kwao. Mvulana achukuaye ndoo ili dada yake apate saa moja ya kusoma, amemrudishia sehemu ya haki yake.

Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji.