Mafungo ya Mwisho ya Nyaatha wa Gikondi

Wakulima wa Mukurwe-ini, kusini ya mji wa Nyeri, wamezoea kuona wageni wakishika njia ya Gikondi, wengine wakisali rozari huku wakitembea. Wageni hao wanakwenda kusali mahali alipofanya kazi na kufa Sista Irene Stefani, ambaye Wakikuyu walimpa jina la Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Jina lake lilienea mbali tarehe 23 Mei, 2015, siku alipotangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, katika ibada iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Lakini jambo alilolifanya mwezi wa Septemba, mwaka 1930, halisimuliwi mara nyingi.

Masista wa Consolata wana desturi ya kufanya mafungo kila mwaka. Mtu huziacha kazi zake kwa siku chache, hunyamaza kimya, husali, na huutazama moyo wake kama vile mwenye duka atazamavyo daftari ya hesabu: amepata nini, amepoteza nini, anadaiwa na nani. Wako wasemao kwamba huko ni kukimbia kazi. Wenye kusema hivyo hawajapata kukaa kimya hata siku moja, maana kunyamaza nako ni kazi ngumu.

Sista Irene hakuwa mvivu hata kidogo. Alizaliwa Anfo, katika nchi ya Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwanzoni mwa mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, alipelekwa kuwauguza wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakoo, katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Yeye aliosha vidonda vya watu ambao hata majina yao hayakuandikwa vizuri katika vitabu vya serikali.

Tangu mwaka 1920 alikaa Gikondi. Alifundisha, akatembelea wagonjwa, akapanda na kushuka vilima vile ambavyo kila mtu wa Nyeri anavijua wakati wa mvua. Tena aliandika barua. Vijana wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Mama alisema habari zake, na Sista akaziandika. Jibu likija, alimsomea. Karani yeyote anajua jinsi kazi hiyo inavyochosha, kwa kuwa mwenye barua hukumbuka neno kubwa kuliko yote baada ya bahasha kufungwa. Nayo ni kazi isiyo na mshahara wala cheo.

Basi, mwezi ule wa Septemba alikwenda Nyeri kufanya mafungo pamoja na wenzake. Katika kimya kile aliona kwamba bado kuna kitu hajakitoa, nacho ni uhai wake. Akamwomba mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misheni. Mwishowe akapewa ruhusa, akarudi Gikondi kwenye kazi zake zile zile.

Wakati huo kulikuwa na tauni, ugonjwa ambao watu walikuwa na haki ya kuuogopa, kwa sababu dawa zinazoutibu leo zilikuwa hazijapatikana. Mwalimu mmoja aliugua. Sista Irene alikwenda kumhudumia nyumbani kwake, akiwa karibu naye kama alivyozoea kuwa karibu na kila mgonjwa. Siku chache baadaye homa ikampata yeye mwenyewe, akalala kitandani. Alikufa tarehe 31 Oktoba, 1930, mwenye umri wa miaka 39. Mafungo ya Nyeri yalikuwa hayajatimiza miezi miwili tangu kumalizika.