Shika Mbwa Wako Njiani

Njia za huku Aveba, Ituri, ni nyembamba. Mama anatoka shamba na mzigo wa muhogo kichwani, mchungaji anavusha mbuzi, pikipiki inashuka kilima na magunia. Mbwa akimrukia mwenye mzigo, huyo mama hawezi hata kuinama kuokota fimbo. Kwa hiyo nikiona mtu anakuja, navuta kamba iwe fupi, natoka njiani upande wa chini, naye anapita kwanza. Nisingoje aseme, "Baba, shika mbwa yako!" Watu wetu wamekimbia vita mara nyingi, tusiwaongezee hofu.

Mbwa wa kienyeji wa misitu yetu, yule wa masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, habweki kama wengine. Wazungu humwita basenji, na mwaka 1937 alionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kule Uingereza. Kwa kuwa akifukuza mnyama hasikiki, Wambuti wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni. Mimi naipenda kengele hiyo hata nisipowinda: anayelima kwenye majani marefu anajua mapema kwamba kuna mbwa anakuja. Penye matanga tu ndipo naijaza majani, inyamaze mpaka tupite.

Kwenye chemchemi mbwa asikanyage wala kunywa pale watu wanapochota. Anywe chini, maji yanakotiririkia. Akijisaidia njiani au shambani kwa mtu, fukia.

Jambo lisilo na mjadala ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa akimuuma mtu, usianze kubishana nani mwenye kosa. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Na mwenye mbwa ndiye atafute usafiri.

Wanyama wa pori nao wanaambukizwa magonjwa ya mbwa. Mwaka 1994, kwenye hifadhi ya Serengeti, Tanzania, homa ya mbwa (distemper) iliua karibu theluthi ya simba. Hifadhi yetu ya Virunga ina mbwa, lakini ni wa walinzi, waliofunzwa kunusa nyayo za majangili. Wewe ukienda mbugani kutembea, mwachie jirani mbwa wako, pamoja na chakula chake.