Fahamu: Lugha ya malori kwa dereva mpya wa njia ya Namanga

Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni nje kidogo ya jiji la Arusha, kwenye barabara ya Namanga, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja kufeli kwa breki. Kwa hiyo dereva mpya wa barabara hii aanze na neno moja: upepo.

Breki za lori hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, na hewa hiyo ndiyo upepo. Ukiteremka kutoka Oldonyo Sambu umekanyaga breki muda wote, dramu hupata moto na breki hazishiki tena, hata kama geji inaonyesha upepo umejaa. Ingiza gia nzito kabla ya mteremko, injini izuie gari, breki ukanyage na kuachia. Kuteremka frii, yaani bila gia, ili kuokoa mafuta ni kuchezea roho za watu.

Kichwa ndicho chenye injini, tela huvutwa nyuma. Utingo ni msaidizi wako. Msikilize akisema tairi limelegea.

Ekseli ni mhimili wa magurudumu, na mizani hupima kila ekseli pamoja na gari zima. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56, lakini mzigo uliorundikwa upande mmoja unaweza kukuponza hata ukiwa chini ya hapo. Simamia upakiaji mwenyewe.

Lakiri ya forodha kwenye kontena la kwenda nchi jirani usiiguse kabisa.