Majina Yanayopanda Mwishoni

Oya, muvi ikiisha usiguse rimoti. Steringi kashamaliza kazi, adui kalala chali, mtoto wa watu kaokolewa, lakini mzigo bado. Yale maandishi madogo yanayopanda kwenye skrini nyeusi ndiyo yanayomtaja aliyekutoa machozi. Tafuta palipoandikwa muziki. Huyo ndiye aliyekukaba koo robo saa nzima, wewe ukadhani ni steringi.

Sisi wana wa Irente tumeanzia vibanda umiza vya Lushoto mjini, kilomita kama 5 kutoka kwetu, tunashuka kwa mguu tunarudi usiku. Benchi la mbao, sabufa kwenye kona, joto la watu ndani huku nje baridi ya Usambara inauma, na muvi iliyotafsiriwa na DJ. Hao jamaa nawapa heshima zao zote. Kuanzia Lufufu wa Dar, aliyefungua njia ya kusimulia muvi za mambele kwa Kiswahili chetu, mpaka DJ Afro wa Kenya, wamewafanya watu wacheke na kulia na muvi ambazo wasingeelewa hata neno. Ila DJ akishika maiki, sauti ya muvi inashushwa, na kinachozama kwanza ni muziki. Unachomoza pale anapovuta pumzi, au kwenye ngumi, halafu unazama tena. Na adui akifa tu, flashi inachomolewa, unawekwa mzigo mwingine. Majina pale hayapandi kabisa. Unaweza ukakulia kibandani ukawajua maadui wote wa Jet Li kwa sura, ukawa hujawahi kusikia jina la mtunzi hata mmoja.

Ndiyo maana kijiwe chetu kina thamani kwangu kuliko kibanda chochote. Kipo kwenye mawe ya Irente, pale milima inapokatika ghafla. Ukisogea ukingoni unaiona Mazinde chini yako, karibu mita 1,000 kushuka, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari, malori yanatambaa kwenye barabara ya kwenda Moshi. Watalii wanapiga picha zao, wananunua jibini na mkate wa rai Irente Farm, wanasepa. Jioni tunaingia sisi na spika. Sheria ni moja: hakuna picha. Mtu anaweka ngoma bila kusema ni ya muvi gani, wengine wanatulia mpaka inaisha, halafu kila mmoja anasema kaona nini. Baada ya hapo ndipo majina yanatajwa, na linaloanza ni la mtunzi. La muvi linafuata.

Hiyo sheria imetuzibua masikio ile mbaya. Kuna siku ilipigwa ngoma ya Ennio Morricone, The Ecstasy of Gold. Inaanza na piano inayozunguka palepale, chombo cha kupuliza kinaingia kwa upole, halafu sauti ya mwanamke inapanda bila neno hata moja. Huyo ni Edda Dell'Orso, na yeye jina lake litajwe. Tulikuwa na dada mmoja anayeuza mboga soko la Lushoto, muvi za makauboi hajawahi kuangalia hata moja. Ngoma ilipoisha akasema, "Huyu mtu anakimbia. Kuna kitu anakitafuta, kipo karibu, ila hajui ni wapi." Daah! Kijiwe kizima kililipuka. Ndiyo sini yenyewe: The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, jamaa yumo makaburini anakimbia kama kachanganyikiwa, anasaka kaburi lenye dhahabu. Morricone alikuwa kashamwambia yule dada stori nzima, tena bila DJ. Tangu siku hiyo dada ni timu Morricone damu damu. Morricone alifariki Julai 2020, na Oscar ya ushindani aliipata 2016 akiwa na miaka 87. Dada hajawasamehe waliomchelewesha.

Kwa upande wa mavuvuzela makubwa, hapo tunaye mshkaji anayepiga trombone kwenye tarumbeta za kanisani. Hii milima ni ya Walutheri tangu enzi za Mjerumani, na tarumbeta za Kilutheri ni kitu ambacho mtoto wa huku anakisikia kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo ilipowekwa ngoma ya Hans Zimmer ya Inception, yule mshkaji hakuongea habari ya ndoto wala maghorofa yanayojikunja. Alikaa anahesabu shaba. Trombone za kati hizi, trombone za besi hizi, tuba hiyo, horni zile. Ule mlio mzito ambao siku hizi kila trela ya muvi inauiga, BRAAAM, Zimmer mwenyewe alishaeleza walivyoupika: piano iliwekwa katikati ya kanisa, kitabu kikawekwa juu ya pedali ili nyuzi zote zibaki wazi, halafu wapiga shaba wakaipulizia. Piano haikupigwa. Nyuzi zilijitikisa zenyewe kwa nguvu ya ule mlio.

Ukimwambia hivyo mtu wa tarumbeta, halali. Kanisani kwao hakuna piano, kuna kinanda cha umeme, na kinanda hakina nyuzi za kutikisika. Basi baada ya mazoezi aliwapanga wenzake ukutani kwa nyuma, noti moja ya chini, wote kwa mpigo, halafu kimya. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele. Shaba ilinyamaza, lakini bati la paa lilikuwa bado linaitikia, na vioo vya dirisha vinasema zzzz kwa mbali. Hakuna aliyeongea. Halafu mzee wao wa tarumbeta, mtu asiyejua Inception ni nini, akasema, "Rudieni." Walirudia mpaka giza likaingia.

Zimmer huyohuyo ndiye wa Interstellar ya 2014. Christopher Nolan alimpa karatasi moja tu yenye stori ya mzazi na mtoto, hakumwambia kama ni muvi ya anga za juu. Jamaa akaandika kitu kidogo cha kinanda kuhusu mzazi na mtoto, na muvi nzima ikajengwa juu yake. Baadaye wakaenda Temple Church, London, Roger Sayer akakalia kinanda kikubwa cha mabomba. Sikiliza vizuri, unasikia hewa inaingia na kutoka kwenye yale mabomba, chombo chenyewe kinahema. Huku kwetu, ambako baba wa nusu ya wana yupo Dar au Tanga anatafuta mkwanja, ile ngoma ikiwekwa watu wanageuza sura wanaangalia Mazinde.

Sasa kuna ubishi ambao ukianza kijiweni msosi unapoa: Afrika Mashariki tumo kiasi gani kwenye huu muziki, na nani anatajwa?

Chukua Hatari! ya 1962. Jina ni letu, muvi ilipigwa Tanganyika, kule upande wa Arusha, John Wayne anakimbiza vifaru na gari. Muziki ni wa Henry Mancini, na ile ngoma ya vitoto vya tembo, Baby Elephant Walk, ilimpa Grammy. Ni tamu, sibishi. Inatembea kwa madaha, inachekesha, mtoto wa miaka mitatu anaicheza. Lakini mzuka wake ni wa Marekani mtupu. Tembo ni wa Arusha, mwendo wa Chicago.

Halafu inakuja stori ya Ayub Ogada, na hapa naomba utulie. Mwaka 1985 ilitoka Out of Africa, iliyopigwa Kenya. Muziki ni wa John Barry, nyuzi za Kizungu zinazotanda kama ukungu wa asubuhi hapa Irente, na akabeba Oscar. Namkubali Barry kinoma, wala sitaki kumshusha. Ila ndani ya muvi ileile kuna kijana Mkenya anaigiza kama Kanuthia. Kwenye maandishi ya mwisho kaandikwa Job Seda. Ndiye Ayub Ogada. Mjaluo, mzaliwa wa Mombasa, mpiga nyatiti. Alikuwemo mbele ya kamera, na muziki wa muvi haukumhitaji.

Miaka ishirini baadaye ikaja The Constant Gardener, 2005, Kenya tena. Mtunzi ni Mhispania Alberto Iglesias. Na safari hii sauti inayobaki kichwani ukitoka ni ya Ogada: Kothbiro, nyatiti yake inadondoka noti mojamoja, sauti haipandi juu wala haililii huruma. Iglesias aliteuliwa kugombea Oscar kwa ile kazi, na namheshimu kwa sababu alijua mahali pa kusogea pembeni. Ngoma yenyewe ilikuwa sokoni tangu 1993, kwenye albamu ya En Mana Kuoyo. Muvi ndiyo ilichelewa kuifikia. Ogada alifariki 2019. Ukitaka kumjua mtu wa kijiwe chetu, mwekee Kothbiro halafu mwangalie mikono. Kila anayepiga chombo chochote anaanza kutafuta zile noti kwa vidole hewani.

Kwa Black Panther kijiwe kinagawanyika. Kuna wanaosema Ludwig Göransson, Mswidi, kaja kuchota tu. Mimi nipo upande wake. Jamaa alisafiri mpaka Senegal, akazunguka na Baaba Maal kwenye shoo zake, akasikiliza kabla ya kuandika. Ile ngoma inayoongea kila T'Challa akitokea ni tama ya Massamba Diop. Filimbi ya Killmonger ni ya Amadou Ba, anapuliza huku ananong'ona na kufoka ndani yake, chini yake linapita besi la mtaani. Oscar ya 2019 ilimkuta na haki. Na tunayajua majina ya wapigaji kwa sababu yeye mwenyewe hachoki kuyataja. Vilevile kwa The Lion King ya 1994: Oscar ni ya Zimmer, lakini ile sauti inayopasua alfajiri mwanzoni kabisa ni ya Lebo M wa Soweto, na kijiweni kwetu huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine.

Kabla ya kuandika ngoma za Black Panther, Göransson alipita pia kuchimba kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey kule Afrika Kusini mwaka 1954. Humo kuna sauti za Tanganyika, Tracey alipita huku na mashine yake ya kurekodia mwaka 1950. Na kama unadhani watunzi wa muvi hawajawahi kukaa na Mbongo studio, tafuta Assembly ya 2002: mzee Hukwe Zawose wa Dodoma na ilimba yake, pamoja na Michael Brook, Mkanada ambaye baadaye alifanya muziki wa Into the Wild. Sauti ya Mgogo inateremka kutoka juu kabisa mpaka chini ya tumbo, gitaa la Brook linamfuata kwa adabu. Mzee Zawose alifariki 2003. Hakuna muvi kwenye ile albamu, lakini ukiiweka Irente ukungu ukipanda, kila mtu anaona yake.

Nilidhani huu mzuka tumeuanzisha sisi, mpaka nilipoongea na bibi yangu wa Tanga mjini. Yeye ujana wake ni sinema za Kihindi, Ngamiani nzima ilikuwa inahamia sinema, na wiki inayofuata vikundi vya taarabu vinaziimba zilezile ngoma kwa maneno ya Kiswahili. Kule Mombasa Juma Bhalo alikuwa balaa kwa hiyo kazi. Nilimpigia Mother India kwenye simu. Hakuacha ifike mbali. "Naushad huyo, mjukuu wangu," akasema, "na hiyo unaianzia katikati." Akaimba mwanzo wake. Alijua Awaara ni ya Shankar na Jaikishan, alijua Sholay ni ya R.D. Burman, mwaka 1975. Nikamuuliza kayajulia wapi majina yote hayo. Akashangaa swali. Sinema ya Kihindi, akasema, majina ya watu wa muziki yanaandikwa makubwa tena mwanzoni, kabla hata picha haijaanza, na redioni wanayataja, na santuri zimeyaandika. Wao walikuwa wanabishana Naushad na Burman kama sisi tunavyobishana Zimmer na Göransson. Siku hizi ubishi ukinishinda nampigia yeye, naweka spika.

Sasa hivi kijiweni kuna mchongo. Jamaa mmoja anayesoma Magamba anatengeneza muvi fupi, stori ya mtoto anayeshusha mapeasi kwenda Mombo, na kaomba tarumbeta zetu zipige muziki. Mshkaji wa trombone kashaanza kuandika: noti ndefu za chini barabara inapojikunja Soni, na mahali mtoto anapoiona Mombo mara ya kwanza anataka shaba zote zinyamaze, ibaki sauti moja ya kike bila maneno. Dada wa Morricone kapewa hiyo nafasi, anafanya mazoezi sokoni wakati wateja hawapo. Mkwanja haupo, na hakuna aliyeuuliza. Tumempa jamaa sharti moja tu, akakubali, na limeandikwa kwenye daftari: majina ya wapigaji yakae mwanzoni, maandishi ukubwa uleule wa steringi, na yasipite haraka.