Harambee kwenye sarafu: ni dua au wito wa kazi?

Juzi nikitoka Kawangware kwenda mjini, makanga alimpa mama mmoja chenji ya shilingi kumi. Mama aliigeuza sarafu, akaacha upande wa simba, akaikaribisha machoni asome utepe ulio chini ya nembo ya taifa.

"Kijana, hapa mmeandika jina la mungu wa Wahindi."

"Mathe, hiyo ni ashu tu. Kama huitaki, nirudishie."

Hakuirudisha.

Dai hilo nimelisikia Kibera pia, tena kwa watu waliosoma. Ati 'Harambee' ni 'Hare Ambe', wito kwa Ambe, mungu wa kike wa Wahindu, na kwamba vibarua walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu (1896-1901) ndio waliotuachia.

Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Kaa la moto si ndugu wa kaa wa baharini. Isitoshe, vibarua wengi walitoka Punjab, na Waislamu miongoni mwao walikuwa tele. Hao wangemwitaje Ambe? Neno lenyewe ni kihisishi cha kazi. Pwani, watu wakivuta mashua au mzigo mzito, mmoja huita na wenzake huitikia huku wakivuta kwa pamoja. Jomo Kenyatta alilifanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963, kisha likawa nomino: harambee ya karo, harambee ya kanisa. Makanisa mangapi ya Kibera yameezekwa mabati kwa harambee?

Hata dai lingekuwa kweli, maana ya neno hutokana na matumizi. Januari imetokana na Janus, mungu wa milango wa Warumi, na bado imo katika kalenda za makanisa yetu.

Anayetaka dini kwenye sarafu aende kwingine. Hungary ya zama za kati ilichora msalaba na Bikira Maria kwenye fedha zake. Karibu nasi, sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa zilitamka kumtegemea Mungu, tena kwa vina.

Zetu zina wanyama. Katiba ya 2010, Kifungu 231(4), ilikataza sura ya mtu yeyote, na tangu Desemba 2018 tuna twiga, kifaru, simba na ndovu. Upande wa pili ni nembo: simba wawili, mikuki, ngao, na jogoo aliyeshika shoka. 'Nembo' nayo zamani ilikuwa chale ya ukoo mwilini, alama ya kumtambua mtu ni wa nani.